Mwaka mzima niliulaumu umaskini wa laptopu yangu

Laptopu niliinunua Kariakoo mwishoni mwa 2021, mtumba, kwenye duka moja la ghorofani ambako zimepangwa kama matofali. Core i5 ya kizazi cha 5, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Betri ilikuwa imekufa na muuzaji hakuficha: "Hii kaka ni ya mezani. Ukiichomoa tu, imezima." Akanipunguzia bei kwa sababu hiyo, nikashuka ngazi nacheka.

Kilichonipeleka huko ni kazi. Mama yangu mdogo yumo kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu Tabata, wanachama 32, wanakutana kila Jumamosi. Sanduku lao lina kufuli tatu na kila ufunguo anakaa nao mtu wake, lakini hesabu zote zilikuwa kwenye daftari moja lililojaa madoa ya mafuta ya maandazi. Mama mdogo akanisemea: kuna mtoto wangu anajua kompyuta, anaweza kututengenezea kitu cha kwenye simu. Mimi nilikuwa najifunza Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, kwa miezi minne tu. Nikakubali, maana nani hukataa kazi yake ya kwanza?

Sasa, ukitengeneza programu ya Android unahitaji simu ya kuijaribia. Simu yangu mwenyewe ilikuwa na mdomo wa chaji mbovu, unashika umeme ukiulaza upande, lakini data haupitishi kabisa. Na ilikuwa Android 9, wakati ile njia ya kuunganisha simu na kompyuta kwa Wi-Fi bila kugusa waya hata mara moja ilianza na Android 11. Nikabaki na emuleta, ile simu ya bandia inayokaa ndani ya kompyuta.

Jaribio la kwanza lilinipa ujumbe mwekundu kwamba simu ya aina ya x86 haiwezi kuwaka bila msaada wa prosesa. Sikuuelewa. Nikamuuliza rafiki yangu mmoja aliyekwisha anza kulipwa kwa kazi hizi, naye anatumia Mac yenye chipu ya M1. Akaniambia, "Achana na x86, pakua ya ARM. Mimi natumia ARM na inakimbia." Hakunidanganya. Kwake ilikuwa inakimbia kweli, kwa sababu chipu ya M1 yenyewe ni ya ARM. Ya kwangu ilikuwa Intel, yaani x86. Wote wawili hatukuliona hilo, nami nikanunua kifurushi cha usiku nikapakua Android 7.1 ya ARM. Ikawaka.

Ikawaka, lakini. Mara ya kwanza niliipima kwa saa ya ukutani: dakika 17 tangu kubonyeza hadi kuona skrini ya mwanzo. Nikajizoesha. Naamka, nawasha laptopu, nawasha emuleta, naenda kuoga, nakunywa chai, narudi nakuta neno la Android bado linameremeta. Ikishawaka, ukibonyeza kitufe unahesabu moja hadi sita ndipo kinaitika. Kila baada ya muda kinatokea kisanduku kinachosema mfumo haujibu, je, ufunge au usubiri. Nilikuwa nabonyeza subiri hadi kidole kikaanza kwenda chenyewe.

Kilichonishangaza baadaye ni jinsi nilivyokubali haraka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Jibu nilikuwa nalo tayari: laptopu ya mtumba, mtu wa Tabata, ulitarajia nini? Kila niliyemsimulia naye alinijibu hivyohivyo, kwamba kazi hii inataka mashine ya maana. Hata Android Studio, programu ninayotengenezea programu zenyewe, ilikuwa ikiniwekea onyo pembeni ya orodha ya simu zangu za bandia, kwamba kwa kompyuta ya aina yangu nitumie x86. Nililisoma lile onyo pengine mara mia mbili. Nilikuwa nimelizoea kama bango la barabarani.

Ilikuwa Novemba 2022. Kijana mmoja wa chuo alikuwa mafunzoni kwenye ofisi niliyokuwa naenda kuomba meza na intaneti. Akakaa pembeni yangu, akaniona nimewasha emuleta nikaegemea kiti na kukunja mikono.

"Bro, unasubiri nini?"

"Simu iwake."

"Tangu saa ngapi?"

Nilipomjibu akadhani natania. Akaomba laptopu, akafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inafanya nini, ukurasa wa utendaji, akabonyeza CPU. Chini kulia kuna mistari midogo ya maelezo ambayo sikuwahi kuiangalia: idadi ya viini, soketi, na mstari mmoja unaosema Virtualization. Mbele yake pameandikwa Disabled. Akaniangalia kama daktari aliyekuta mgonjwa ametembea na mguu uliovunjika.

Tukaizima mashine, tukaiwasha huku nimeshikilia F10 (mashine nyingine ni F2, nyingine Delete), tukaingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayokuja kabla ya Windows kuwaka. Nadhani ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona ile skrini ya rangi mbili. Tukatafuta kwenye usalama, haipo. Tukaikuta kwenye mipangilio ya kifaa, kijisanduku kitupu. Tukatia tiki, tukahifadhi, tukatoka. Kisha tukaweka HAXM, dereva ya Intel ya kazi hiyo, tukapakua Android 11 ya x86 kwa intaneti ya ofisi. Ikawaka kwa dakika moja na sekunde arobaini.

Nilinyamaza. Yule kijana alidhani nimefurahi.

Alinieleza hivi, na sijapata maelezo mazuri kuliko haya. Prosesa ya kompyuta yangu inaongea lugha moja, na Android ya ARM inaongea nyingine. Kwa hiyo kila amri ndogo, na ni mamilioni kwa mamilioni, lazima ipite kwa mkalimani. Ni kama mkutano wa kijiji ambao mgeni rasmi haongei Kiswahili: anasema sentensi, anasubiri, inatafsiriwa, watu wanapiga makofi, anaendelea. Mkutano wa saa moja unakwisha jioni. Android ya x86 inaongea lugha ya prosesa yenyewe, haihitaji mkalimani, ila inahitaji kuruhusiwa kuingia chumba cha ndani kuzungumza na prosesa uso kwa uso. Ruhusa hiyo ndiyo ile tiki ya BIOS. Kwa Intel inaitwa VT-x, kwa AMD mara nyingi utaikuta imeandikwa SVM. Prosesa yangu ilikuwa na uwezo huo tangu kiwandani. Ulikuwa umefungwa tu.

Baada ya hapo nikawa na wiki tatu za raha. Kisha Jumatatu moja emuleta ikakataa kuwaka. Nikarudi BIOS, tiki ipo. Nikaondoa HAXM nikaiweka upya, ikakataa hata kujiweka. Nikaanza kufuta vitu ovyo, na hapa nilipoteza siku mbili, kwa sababu kila nilichokifuta kilinifanya nisijue kingine kilikuwaje. Siku ya tatu ndipo nilipokaa nikajiuliza nilifanya nini Jumapili. Jumapili nilikuwa nimeweka Docker, chombo kingine cha waandika programu, nayo ikawasha WSL 2, ile Linux ya ndani ya Windows, nayo ikawasha ule mfumo wa Windows wa kuendesha mashine bandia, Hyper-V. Chumba cha ndani kikapata mpangaji mwingine, na HAXM haikuwa mtu wa kupanga naye.

Njia ilikuwa mbili. Kumfukuza mpangaji mpya, yaani kuachana na Docker, au kuitumia njia ya Windows yenyewe, WHPX, ambayo emuleta inaijua na inakaa vizuri na Hyper-V. Nikaenda kwenye orodha ya vipengele vya Windows, nikatia tiki Windows Hypervisor Platform, nikawasha upya. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa chochote, nafungua dirisha jeusi naandika `emulator -accel-check`. Inajibu kwa mstari mmoja kama msaada wa prosesa upo na ni wa nani. Ni sekunde mbili. Ningeijua amri hiyo mwanzoni, nisingeoga asubuhi kwa ratiba ya emuleta mwaka mzima. (Intel wenyewe waliacha kuendeleza HAXM mwanzoni mwa 2023, kwa hiyo ukikutana na maelekezo yanayokuambia uiweke, jua ni ya zamani.)

Ningependa kusema mambo yakaisha hapo. Emuleta ilikuwa inawaka haraka, lakini nikifungua Android Studio, Chrome na muziki, kompyuta nzima inazama. Mshale wa kipanya unaruka kama chura. Task Manager tena: diski asilimia 100, nyekundu, haishuki. RAM GB 7.6 kati ya 8.

Hapa kosa lilikuwa ni uroho wangu. Baada ya kuona emuleta imepona, niliona niinenepeshe. Nikafungua mipangilio yake nikaipa RAM ya GB 4, nikidhani zaidi ni bora. Hesabu yake ilikuwa hivi: emuleta 4, Android Studio karibu 2, Gradle, kile chombo kinachojenga programu, nyingine 2 kwa mipangilio iliyokuja nayo, na Windows bado haijala. Kilichozidi kilikuwa kinamwagwa kwenye diski, na diski yangu ilikuwa ya kuzunguka, ina sindano inayotembea huku na huku kutafuta kila kitu. RAM ya kukopa kutoka diski ya namna hiyo ni mateso. Nikaishusha emuleta hadi GB 2, na kila kitu kikaongezeka kasi. Nilipompunguzia chakula ndipo akakimbia, jambo ambalo bado linanichekesha.

Na ile Gradle, ukimaliza kujenga programu haiondoki. Inabaki imekaa pale saa tatu ikikusubiri urudi, imeshikilia RAM yake. Ni nia njema, ili ujenzi unaofuata uwe wa haraka, lakini kwenye GB 8 nia njema ina gharama. Nikimaliza kujenga na nataka tu kubonyezabonyeza programu, naiambia `gradlew --stop`. Pia niliacha kutumia simu bandia zenye Play Store, kwa sababu zinawasha huduma nyingi nyuma ambazo kikoba hakihitaji. Mwisho nikanunua SSD, diski isiyozunguka, ya GB 240. Katika pesa zote nilizotumia kwenye ile mashine, hiyo ndiyo sijawahi kuijutia.

Januari ikaja na joto lake. Wanaokaa Dar wanajua: saa nane mchana chumba chenye bati, feni inasukuma hewa ya moto kutoka kona hii kwenda ile. Emuleta ikawa na tabia mpya. Inaanza vizuri, dakika kama ishirini hivi, kisha inalegea. Ukiizima na kuiwasha, bado imelegea. Ukienda kula ukirudi, imepona. Nilihangaika na mipangilio ya picha, nikabadilisha kutoka Automatic kwenda Hardware kwenda Software, nikaona tofauti kidogo ambayo pengine nilijitungia mwenyewe. Kwenye Task Manager, ule ukurasa wa CPU una namba ya kasi. Prosesa yangu imeandikwa GHz 2.3. Pale ilikuwa inasoma 0.78.

Nikaibeba hadi kwa fundi, Kariakoo tena. Mzee wa makamo, miwani juu ya kipaji cha uso, meza ina taa moja na brashi ya mswaki. Nikaanza kumweleza habari za emuleta, WHPX, sijui nini. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akaweka kiganja chini ya laptopu, akakiondoa.

"Hii haijawahi kufunguliwa, mwanangu. Inapika."

Akafungua skrubu, akatoa feni. Nyuma ya feni, mahali ambapo hewa inapaswa kutokea, palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, kijivu, kimeshikamana. Akakivuta kwa koleo kikatoka kizima, na umbo la zile nyavu za shaba limechorwa juu yake. Ile dawa nyeupe kati ya prosesa na chuma cha kupoza ilikuwa imekauka kama chaki, aliikwangua kwa kadi ya zamani ya simu. Akapaka mpya, tone moja dogo kama punje ya mchele, akafunga. Kazi ya dakika ishirini na tano. Nilipofika nyumbani nikaiachia emuleta saa mbili nzima nikiitazama ile namba. Haikushuka chini ya 2.2. Bado huwa naiweka laptopu juu ya vifuniko viwili vya chupa ili hewa ipite chini, na mchana wa Februari sifanyi kazi nzito. Nafanya usiku.

Usiku nao una lake. Umeme ukikatika, laptopu isiyo na betri inazima papo hapo. Siku moja ulikatika saa mbili usiku, wakati emuleta ikiwa katikati ya kujifunga. Emuleta ya siku hizi ukiifunga haizimiki kabisa, inahifadhi picha ya hali ilivyokuwa ili kesho ianzie hapohapo. Asubuhi ikawaka kwa sekunde chache, nzuri, nikaipongeza. Ila saa yake ilikuwa inasoma saa mbili kasoro usiku wa jana, intaneti haipo, na hakuna kitufe kinachoitika. Nilikuwa natazama picha ya marehemu.

Mimi mwenye mwaka wa mateso nyuma yangu nikaanza tena safari ya BIOS. Nikapitia tiki, nikapitia WHPX, nikapitia joto. Zaidi ya saa moja. Kumbe ni kwenda kwenye orodha ya simu bandia, kubonyeza vile vidoti vitatu, na kuchagua Cold Boot, yaani iwake upya kabisa kama simu iliyozimwa, isirudi kwenye picha ile. Ikawaka, ikaitika. Siku nyingine baada ya kukatika umeme ikagoma hata hiyo, ikidai kwamba emuleta hiyohiyo tayari inaendeshwa kwingine. Ilikuwa imebakiza faili za kufuli kwenye folda yake, zile zinazoishia na `.lock`. Nikazifuta, yakaisha. Kufuta data zote za simu bandia nimeacha iwe hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu inanirudisha kuingiza wanachama 32 upya, na hilo ni jioni nzima.

Sasa nifike kwenye lile linalonitia aibu.

Katika kipindi chote cha mateso nilikuwa nimemaliza programu. Akina mama walianza kuitumia Machi 2023, kwenye simu ya mweka hazina, simu ya bei nafuu ya RAM GB 2. Jumamosi ya tatu alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo utazame hiki kitu chako. Simu inasema mwenzetu mmoja amenunua hisa kumi leo."

Kwenye kikundi chao mtu hanunui zaidi ya hisa tano kwa wiki. Hisa moja ni shilingi 2,000. Nikaenda. Sanduku lilikuwa limefunguliwa katikati ya mkeka, pesa zimehesabiwa mara mbili, na hesabu ya simu inazidi sanduku kwa shilingi 20,000. Akina mama wenye funguo wamekaa wamenyooka, hakuna anayemwangalia mwenzake. Nikapitia orodha nikaona watu watatu wameandikwa mara mbili: mmoja wa hisa tano, mmoja wa tatu, mmoja wa mbili. Saa za kuandikwa zimepishana kwa sekunde tatu, sekunde nne.

Nikamwomba mama mweka hazina aandike moja mbele yangu. Akachagua jina, akaandika hisa, akabonyeza Hifadhi. Skrini ikaganda. Akasubiri, akainyanyua simu karibu na macho, akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa jirani aliyelala. Ikaandika mara mbili.

Jibu langu la kwanza, na naliandika kama lilivyotoka mdomoni: "Mama, hii simu ni ndogo."

Nyumbani nikaiwasha emuleta, ambayo sasa ilikuwa imepona, imepoa, ina SSD na kila kitu. Nikafungua mipangilio ya simu, ikafunguka kama siagi. Kikokotoo, mara moja. Nikafungua programu yangu, nikaandika hisa, nikabonyeza Hifadhi. Ikaganda. Nikarudi kwenye mipangilio, haraka. Kwangu, ikaganda. Simu yote nzima ilikuwa na afya isipokuwa chumba changu.

Nikafungua Logcat, ile orodha ya ujumbe ambao simu inaandika ikifanya kazi, na kwa mara ya kwanza nikaisoma badala ya kuipitisha. Mstari ulikuwa unajirudia kila nilipohifadhi: imeruka fremu 214, huenda programu inafanya kazi nyingi mno kwenye uzi mkuu. Simu ya kawaida huchora fremu 60 kwa sekunde. Fremu 214 ni sekunde tatu na nusu za skrini iliyokufa. Uzi mkuu ndio unaochora na ndio unaopokea vidole. Ukiupa kazi ya hesabu, hauoni tena anayebonyeza, na ukimwacha mtu anasubiri zaidi ya sekunde tano Android inatoa kile kisanduku cha kufunga au kusubiri. Vidole vyenyewe havipotei, vinapanga foleni. Ukiamka unavihudumia vyote.

Nikafungua msimbo. Kila baada ya kuhifadhi, nilikuwa napakia upya miamala yote, zaidi ya 3,000, kwa sababu niliingiza na daftari la mwaka uliotangulia. Na kwa kila muamala narudi tena kwenye hifadhidata kuuliza jina la mwanachama. Maswali zaidi ya elfu tatu kwa kubonyeza mara moja. Hilo ni kosa la mwanafunzi, linasameheka. Ambalo halisameheki lilikuwa mstari mmoja juu kabisa: `allowMainThreadQueries()`.

Room, ile maktaba ya hifadhidata, hukataa kabisa kuulizwa maswali kwenye uzi mkuu. Inaangusha programu na kukueleza kwa nini: utaigandisha skrini. Ilinieleza mwaka 2022. Mimi nikatafuta namna ya kuinyamazisha, nikaipata, nikaiweka. Na skrini ilipoganda sikuiona, kwa sababu kwenye emuleta ya dakika 17 kila kitu kiliganda. Kelele ya mashine ilificha kelele yangu. Ningekuwa na emuleta nzima tangu mwanzo, ningeona siku ya kwanza kwamba kila kitu kinakimbia ila mimi.

Marekebisho yalinichukua jioni mbili. Nikaufuta ule mstari, programu ikaanguka sehemu tisa, nikazihamisha moja moja kutoka uzi mkuu kwenda nyuma kwa korutini, njia ya Kotlin ya kufanya kazi bila kuugandisha uzi huo. Maswali elfu tatu yakawa swali moja linalounganisha majedwali mawili. Kitufe cha Hifadhi kikibonyezwa kinafifia hapohapo hadi kazi iishe, na hisa zaidi ya tano zinakataliwa, jambo ambalo nilipaswa kuliweka kabla ya kuchagua rangi za programu. Nikafuta zile hisa kumi zilizozidi mbele ya wenye funguo wote watatu, nao wakasaini kwenye lile daftari la zamani. Walikuwa hawajalitupa. Walikuwa na akili kunizidi.

Jumamosi iliyofuata nilikaa mkekani pembeni ya mama mweka hazina. Akaandika hisa za kwanza, akabonyeza Hifadhi, ikaingia kabla hajanyanyua kidole. Akaishika simu mbali, akaitazama, akanigeukia.

"Imeingia?"

"Imeingia mama."

Akabonyeza tena, kuhakikisha. Kitufe kilikuwa kimefifia. Akaguna, akamwita anayefuata.